Fundi, Askari na Land Rover Iliyobeba Chumvi

Askari anapostaafu hukabidhi bunduki, sare na kitambulisho, lakini mazoea yake hakuna ghala inayoyapokea. Hurudi nayo nyumbani. Mimi nilirudi na mawili. Moja ni la kuandika kila jambo katika daftari dogo la mfukoni. La pili ni la kudhani kwamba nikimwambia mtu "fanya," basi atafanya. Katika habari nitakayoisimulia hapa, zoea la kwanza liliniokoa, na la pili nusura linitie aibu nisiyoweza kuifuta.

Nilistaafu kazi ya polisi mwaka 2018, baada ya miaka 27, nikarudi kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Wenzangu waliopokea kiinua mgongo wakati mmoja nami walinunua mashamba ya kahawa au wakajenga vyumba vya kupangisha, na walifanya vema. Mimi nilitenga sehemu ya fedha zangu, nikaenda Katwe kununua Land Rover kuukuu iliyokuwa imesimama chini ya mti kwa miaka 9, kuku wakitaga katika kiti cha dereva. Mke wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza ni wapangaji wangapi watakaoingia ndani yake.

Nilikuwa na sababu, na msomaji ataniwia radhi nikiitaja. Nilipokuwa mtoto, mama yangu alizidiwa na ugonjwa usiku, akachukuliwa na gari la namna ile ile mpaka hospitali ya Kagando. Lilikuwa gari la nani, sikumbuki. Nakumbuka rangi yake ya kijani, taa zake mbili zilizokaribiana puani, na mlio wa gia ya kwanza likipanda mlima. Mama aliishi miaka mingine 30.

Kwa vijana wa jeshini na wa polisi waliozoea magari ya Kijapani, hapana budi nieleze kidogo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, na nchini Uingereza chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, bali alumini ilikuwa tele. Ndipo waundaji wakalivika gari lao bodi ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo ukiitazama Land Rover ya zamani kwa nje, utadhani ni mzima wa afya. Lakini bodi hiyo imeketi juu ya chesisi ya chuma, na chesisi yenyewe si pande moja gumu. Ni mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Unyevu ukiingia humo hauonekani, na kutu huanzia ndani kuja nje.

Gari langu lilitengenezwa mwaka 1965: Series IIA, lile refu la inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, lenye injini ya petroli ya silinda 4 na sentimita za ujazo 2,286. Na halikuwa limenyeshewa mvua tu. Kwa miaka mingi lilibeba chumvi ya ziwa Katwe, na kila gunia lililotupwa nyuma lilidondosha maji yake ya chumvi katika viungo vya chesisi. Nililijua hilo siku nilipolinunua. Nililiandika hata katika daftari. Kujua na kuelewa ni mambo mawili.

Fundi niliyemkabidhi kazi sitamtaja jina, wala gereji yake sitaielekeza, ila kwamba ilikuwa mjini Kasese, upande wa mto Nyamwamba. Alikuwa mtu wa miaka kama 35, mcheshi, mwenye mikono hodari kweli. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hudhani kwamba fundi asiyeaminika ni yule asiyejua kazi. Huyu aliijua. Nilimwona akisikiliza injini ya lori kwa kuweka bisibisi sikioni, akataja ugonjwa wake kabla hajafungua hata bolti moja. Januari 2019 alilizunguka gari langu mara mbili, akalipiga tairi teke, akasema:

"Afande, hii ni kazi ya miezi mitatu. Pasaka utaenda nalo kanisani."

Hakusema Pasaka ya mwaka gani.

Tulipatana Sh. 4,200,000 kwa chesisi, injini, breki na umeme. Nikampa Sh. 2,500,000 papo hapo kuwa arbuni, ili anunue vifaa. Mimi, niliyeandika maelezo ya mashahidi kwa mamia, sikumwandikisha fundi wangu hata mstari mmoja. Niliona haya. Nilidhani kumwekea mtu karatasi mbele ni kumwambia kwamba yu mwizi. Lakini kwa mazoea tu, kabla sijaondoka, niliinama nikanakili katika daftari namba ya chesisi, namba ya injini, na namba iliyopigwa juu ya kasha la giaboksi.

Aprili oksijeni ya kuchomelea ilikuwa imekosekana. Mei kijana wake alikuwa amefiwa. Julai kijana huyo huyo alikuwa amefiwa tena. Kila mara nilitoka Bwera kwa teksi, nikapita Kinyamaseke na Kikorongo mpaka Kasese, na kila mara nilipokewa kwa kiti, soda na heshima kubwa. "Afande amefika! Leteni kiti!" Heshima hiyo ilinilewesha. Yapasa niseme wazi: sisi tuliovaa sare ni rahisi sana kudanganywa na mtu anayesimama wima anapotuona.

Septemba niliikuta Land Rover imevuliwa bodi yote, chesisi ikiwa juu ya matofali, milango imeegemezwa ukutani, injini iko chini ya turubai. Nilifurahi mno. Niliona kazi imeanza. Sikujua kwamba kuvua gari ni kazi ya siku moja au mbili, tena ndiyo sehemu rahisi kuliko zote; wala sikujua kwamba gari likishavuliwa haliwezi tena kuhamishiwa kwa fundi mwingine. Bolti zake ziko katika makopo yasiyo na alama, na anayejua kopo gani ni la nini ni yule aliyelivua. Tangu siku ile gari langu lilikuwa mateka, na mimi ndiye niliyelisindikiza kizuizini.

Desemba fundi alinipigia simu kwa furaha, niende kuona chesisi. Nikaikuta imenyooka, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha gwaride. Nikampa Sh. 700,000 zaidi. Machi 2020 ikaja marufuku ya usafiri kwa ajili ya korona, magari ya watu binafsi yakazuiwa, na Bwera na Kasese zikawa mbali kama Bwera na Ulaya. Kisha Mei 2020 mito inayoshuka kutoka Rwenzori ikafurika. Nyamwamba ilibeba mawe makubwa kuliko nyumba za watu, ikaharibu hospitali ya Kilembe, ikawaacha wengi bila paa. Siku chache baadaye simu ililia.

"Afande, mto umechukua giaboksi."

Nilimwamini. Watu walikuwa wamepoteza makao. Mimi ni nani hata nilie kwa ajili ya giaboksi? Nilimpa pole. Nakumbuka hata nilimtumia Sh. 50,000 za kununulia watoto unga.

Usafiri ulipolegezwa, mwishoni mwa mwaka huo, nilikwenda Kasese na mzee mmoja, fundi wa zamani wa mgodi wa Kilembe. Vijana wa leo huitazama Kasese kama mji wa saruji na watalii, lakini mji huo ulikuzwa na shaba. Reli ilifika hapo mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa Kilembe ukaanza kazi. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Mgodi ulikuwa na karakana zake, na ndani ya karakana hizo vijana walifundishwa kupima, kukereza na kuchomelea kwa namna ambayo gereji ya chini ya mwembe haiwezi kuifundisha. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi hao walitawanyika. Wengi wametangulia mbele ya haki. Waliobaki utawatambua kwa namna wanavyofuta spana kabla ya kuirudisha mahali pake.

Mzee hakusema neno. Alitoa mfukoni nyundo ndogo na kipande cha sumaku kutoka katika spika ya redio mbovu. Akaanza kuigonga chesisi kutoka mbele. Ting, ting, ting. Alipofika nyuma, pale springi zinaposhikwa, sauti ikabadilika ikawa kama ya mtu anayegonga gunia la unga. Akaweka sumaku. Ikaanguka. Akaweka tena inchi chache pembeni, ikaanguka tena. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma bila nguvu yoyote, nayo ikaingia mpaka mpini.

Chini ya ile rangi nyeusi inayong'aa mlikuwa na lami. Chini ya lami mlikuwa na ile pati ambayo mafundi hujazia mabonde ya bodi. Chini ya pati mlikuwa na vipande vya gunia na bati la kopo la mafuta ya kupikia. Chuma hakikuwamo.

"Ndugu yangu," mzee akasema, "umeuziwa chapati."

Kisha akanionyesha jambo ambalo bado hunitia baridi. Mahali palipojazwa pati ndipo springi ya nyuma inapofungwa. Gari lingetoka gerejini, lingefika Bwera, pengine lingetembea mwezi mzima. Halafu siku moja ya soko, limejaa watu na magunia ya kahawa, katika mteremko, ekseli ya nyuma ingeachana na gari. Mimi ndiye ningekuwa kwenye usukani. Fundi hakuwapo gerejini siku ile, na nadhani ilikuwa heri kwake na kwangu.

Mapema mwaka 2021, mpaka ukiwa umefunguliwa tena kwa watu, nilikwenda soko la Mpondwe kutafuta giaboksi nyingine. Soko hilo liko hatua chache kutoka mto Lhubiriha, na siku ya soko watu wa Kasindi huvuka kwa wingi, na Kiswahili cha Kongo na cha kwetu husikika pamoja na Kikonzo katika sentensi moja. Nyuma ya wauza samaki wakavu palikuwa na muuza vipuri, mkaazi wa papo hapo Bwera. Akaniambia, "Muzee, ninayo ya Mwingereza, ya kweli kabisa." Akafunua turubai.

Sina maneno ya kueleza, ila nilitoa daftari. Namba ilikuwa ile ile.

Mwuzaji hakuwa na hatia, na alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: karatasi. Alikuwa amemwandikisha aliyemuuzia, pamoja na kiasi na tarehe. Ilikuwa Aprili 2020. Mto ulifurika Mei. Giaboksi yangu haikuchukuliwa na maji. Ilikuwa imekwisha safiri mwezi mmoja kabla, juu ya lori la mizigo, kwani malori yalikuwa yameruhusiwa kutembea.

Nilikwenda kituoni. Sisemi ni kituo gani. Ofisa niliyemkuta alikuwa kijana niliyempokea kazini yeye akiwa konstebo mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Afande, tumlete? Alale ndani siku mbili. Atakumbuka kila kitu."

Wasomaji wangu mlio kazini mnajua kwamba maneno hayo husemwa kwa upendo. Na nakiri kwamba moyo wangu ulisema, mleteni. Nilikuwa nimekwisha toa Sh. 3,200,000, ukiacha unga wa watoto. Nilikuwa nimepumbazwa miaka miwili kwa soda na kiti. Lakini kabla sijajibu nilimkumbuka seremala.

Miaka ya 1990, nikiwa konstebo katika wilaya nyingine, mkubwa wangu alinituma nimlete seremala aliyekula arbuni ya kitanda. Nilimleta. Alikaa ndani siku nne, na jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote. Hakuna aliyempiga. Tulimwambia tu kwamba atatoka siku kitanda kitakapopatikana, na hakuna kati yetu aliyejiuliza mtu aliye ndani atakipigaje randa. Siku ya tano aliachiwa. Karakana yake ilikuwa wazi siku zote hizo, na misumeno, randa na patasi zilikuwa zimekwisha ibwa. Mkubwa wangu hakupata kitanda wala fedha. Seremala nilimwona miezi michache baadaye akibeba matofali ya watu. Alinisalimu kwa adabu: "Shikamoo, Afande." Sijapata kusahau salamu ile.

Basi nilimwomba yule kijana anipe siku chache, naye akashangaa.

Hapa yafaa nisimamishe hadithi nieleze sheria, maana askari wengi huichanganya, na mimi niliichanganya kwa miaka 27. Fundi akichelewa, au akifanya kazi mbovu, hilo ni jambo la madai. Deni la mkataba si kosa la jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Asipofanya hivyo, hudaiwa mahakamani. Tena Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi thamani ya pointi za fedha 25, ambazo ni Sh. 500,000, uwe wa maandishi. Wangu ulikuwa wa Sh. 4,200,000 nao ulikuwa wa soda.

Kwa wadai wadogo kama mimi upo utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Dai lisizidi Sh. 10,000,000, huhitaji wakili, wala wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Kwanza unampelekea mdaiwa barua ya madai na kumpa siku 14. Akinyamaza, unakwenda kwa hakimu. Nashangaa ni askari wangapi wanaolipa gharama za bure kwa kutojua habari hii.

Kuuza giaboksi ya mteja, hata hivyo, si jambo la madai tu. Mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe akaiuza kama yake, ameiba. Hapo polisi wana kazi, lakini iwe kazi ya kweli: maelezo, faili, na kama Katiba ya mwaka 1995 inavyoagiza, mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. "Alale ndani atakumbuka" haimo katika sheria yoyote niliyoisoma.

Nilikuwa na haki ya kufungua faili. Sikufungua. Wako wenzangu watakaosema nilikosea, kwamba nimemwacha mwizi mjini, na sina jibu kamili la kuwapa. Nilifikiri hivi: nikimpeleka jela, makopo ya bolti zangu yatatawanyika kama zana za seremala.

Nilimwendea fundi nyumbani kwake, si gerejini, tena jioni, nikiwa na yule mzee wa Kilembe na mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa wake. Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia ya kawaida. Mkewe alituletea viti. Nikaweka mezani daftari langu na nakala ya karatasi ya Mpondwe, sikusema neno. Fundi alizitazama kwa muda mrefu. Hakusimama wima, wala hakuniita Afande. Akasema:

"Mzee, nimekosa."

Kisha akaeleza, na maelezo yake yamenifaa kuliko fedha alizonirudishia. Nilipomletea gari, alikuwa na magari mengine 6 uani. Arbuni yangu ya Sh. 2,500,000 haikununua kitu cha Land Rover hata kimoja. Siku ile ile ilinunua pampu ya lori la mtu aliyekuwa amengoja miezi minane na kutishia kumpiga. Mwenye lori naye, arbuni yake ilikuwa imekwisha malizia gari la mtu mwingine kabla yake. Hivyo kila mteja mpya alilipia gari la mteja wa zamani, na fundi hakuweza kukataa kazi mpya hata siku moja, kwa kuwa angekataa, mnyororo wote ungekatika. Ndiyo maana hasemi "siwezi." Ndiyo maana kila kazi kwake ni ya miezi mitatu. Ilipokuja marufuku ya korona, magari hayakuja tena, na arbuni hazikuja. Mnyororo ukakatika. Giaboksi ndiyo iliyokuwa imekaa karibu na mlango.

"Na chesisi?" mzee akauliza. Hilo lilimuuma zaidi, naona, kwa sababu lilihusu ufundi wake. Alisema bamba la chuma lilikuwa ghali, pati ilikuwapo, nami nilikuwa nikidai kuona kitu.

Ni kweli. Nilitaka kuona kitu, naye alinionyesha kitu.

Mbele ya mwenyekiti tukaandika makubaliano, nakala mbili, kila ukurasa ukatiwa sahihi na mashahidi. Angenirudishia Sh. 650,000, ambazo nilimlipa mwuzaji wa Mpondwe kuikomboa giaboksi, na Sh. 700,000 za chesisi ya uongo, jumla Sh. 1,350,000, kwa mafungu 9 ya Sh. 150,000 kila mwezi. Arbuni niliihesabu kwa kazi ya injini, ambayo aliimaliza kwa mikono yake, gerejini kwake, mimi nimeketi juu ya debe nikimtazama. Aliifanya vizuri mno. Alitenganisha makopo yote ya bolti, akaandika juu ya kila moja kwa chokaa. Kisha nikapakia kila kitu kwenye lori kwenda kwa mzee.

Mzee alikuwa na taratibu zake. Hakutaka arbuni, alinipeleka dukani nikanunua bamba la chuma mwenyewe. Alikata nyuma yote ya chesisi iliyooza, akachomelea upya, na kila hatua alinipa nyundo: "Usinilipe mpaka ugonge." Nikagonga, ikaita kama kengele, nikalipa. Ndani ya chesisi akamimina mafuta machafu ya injini yatambae katika viungo vyote. Pale alumini inapogusana na chuma aliweka ngozi ya tairi, kwa maana alumini nayo huoza ikikutana na chuma penye chumvi. Jumamosi hakufanya kazi, kwa kuwa ni Msabato, alikuwa amenionya. Akisema Jumatatu, ilikuwa Jumatatu. Alikwenda polepole kiasi cha kunichosha, lakini sikuhitaji kumpigia simu hata mara moja.

Jambo moja la umeme nilitaje kwa ajili ya madereva. Magari hayo yaliyotengenezwa kabla ya 1967 hufungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Kijana mmoja alitusaidia akafunga kama alivyozoea. Kisanduku kinachoongoza chaji kikaungua mbele ya macho yetu. Safari hii kosa lilikuwa langu. Nililijua, halikuwa siri, nami nilikuwa nimekwenda kunywa chai.

Land Rover ilifika Bwera mwaka 2022 kwa magurudumu yake, ikidondosha mafuta kidogo chini ya giaboksi, jambo ambalo mzee alisema si ugonjwa bali ni tabia. Mke wangu aliketi mbele. Tulikwenda kwanza Kagando, tukasimama nje ya lango la hospitali dakika chache, tukarudi.

Fundi alilipa mafungu 6 kwa wakati, kisha akanyamaza. Niliandika barua ya madai ya siku 14, kwa adabu, nikaipeleka mwenyewe na kumtaka atie sahihi ya kuipokea. Siku ya kumi na moja alileta mafungu mawili. Limebaki moja.

Majuzi, siku ya soko, nilikuwa nimesimama Mpondwe, kifuniko cha injini kimefunguliwa, nikitafuta mlio uliokuwa ukinisumbua tangu Kinyamaseke. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Ni vali ya tatu." Alikuwa yeye, amekuja kununua vipuri. Akaweka bisibisi sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Akaniomba spana na kile kipimo chembamba cha chuma. Nikampa. Alifanya kazi robo saa, mimi nikiwa kando yake, sikuondoa jicho. Injini ikatulia.

"Ni kiasi gani?" nikamwuliza.

"Shilingi 20,000, Mzee. Uziondoe katika deni."

Nikatoa daftari, nikaandika: limebaki Sh. 130,000. Nikamgeuzia, naye akatia sahihi.